Julia Domna kwa Majina Matatu

Katika kisanduku changu cha mbao zimo dinari tatu za fedha ambazo mtu asiyezoea sarafu za kale ataziona kuwa ni kitu kimoja kilichorudiwa: mwanamke aliyeelekea kulia, nywele zenye mawimbi mazito zimefungwa kisogoni, na herufi za Kilatini zimemzunguka. Huyo ni Julia Domna, mzaliwa wa Emesa, mji unaoitwa Homs katika Syria ya leo, mke wa Septimius Severus aliyetawala Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211. Nimekusanya sarafu za wake wa makaisari kwa miaka tisa sasa, na siku nikilazimika kuziuza, hizo tatu ndizo nitakazobaki nazo.

Kilichonivuta mwanzoni kilikuwa nywele. Shangazi yangu alikuwa msusi, nami nilikua nikimshikia kitana na uzi, kwa hiyo nilipoona kwa mara ya kwanza picha ya dinari ya Faustina Mkubwa, mke wa Antoninus Pius, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye misuko iliyozungushwa na kufungwa juu ya utosi. Aliyechonga muhuri wa sarafu ile aliuonyesha kila msuko katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Binti yake, Faustina Mdogo, aliyeolewa na Marcus Aurelius, alibadilisha mtindo mara nyingi kiasi kwamba wataalamu wameutumia kuzipanga sarafu zake kwa kufuata miaka.

Kwa Julia Domna, kinachotuongoza zaidi ni jina. Dinari yangu ya kwanza imeandikwa IVLIA DOMNA AVG (AVG ni kifupi cha Augusta, cheo chake), kama alivyoitwa kwenye sarafu tangu 193 hadi karibu 196. Ya pili inasema IVLIA AVGVSTA tu: jina la Domna limeachwa, kimebaki cheo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mumewe alipofariki. Ya tatu inasema IVLIA PIA FELIX AVG, nayo ni ya miaka ya 211 hadi 217, wakati mwanawe Caracalla alipokuwa kaisari. Hakuna hata moja yenye tarehe, lakini anayejua kuyasoma majina hayo anaweza kuiweka kila sarafu mahali pake katika maisha ya mama huyu.

Hiyo ya tatu huniwia vigumu kuishika bila kunyamaza. Severus alifariki Eboracum, yaani York ya leo huko Uingereza, tarehe 4 Februari 211, akiwa amefika huko pamoja na mkewe na wana wao wawili, na akawaachia wote wawili utawala. Mwaka haukuisha kabla Caracalla hajamuua Geta, mdogo wake. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, anaandika kwamba Geta aliuawa mikononi mwa mama yake, na kwamba mama hakuruhusiwa hata kumlilia. Kisha mafundi wa Roma wakaendelea kumgongea sarafu zenye maneno PIA FELIX, mcha Mungu na mwenye heri. Maneno hayo yanalingana na vyeo vya Caracalla mwenyewe, na nadhani mama hakuulizwa.

Anayetaka kuanza ningemshauri aanze na Faustina Mkubwa. Alifariki mwaka 140, akatangazwa kuwa mungu, na mumewe akaendelea kutoa sarafu za DIVA FAVSTINA hadi mwisho wa utawala wake mwaka 161, kwa hiyo zimebaki nyingi na bei yake si ya kutisha. Upande wa nyuma utapata neno AETERNITAS, yaani umilele, au Ceres, mungu wa kike wa nafaka, ameshika mwenge, au tausi.

Mizani ndogo ni ya lazima. Niliwahi kununua dinari ya Plautilla, mke wa Caracalla, kwa muuzaji niliyemwamini, na nilipoipima ikawa gramu 2.6, ilhali dinari ya wakati ule huwa na gramu tatu na zaidi. Kwenye ukingo niliona mstari mwembamba wa kalibu: ilikuwa imemiminwa juzijuzi tu, wakati dinari halisi hugongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Nililia, sitaficha. Tangu siku hiyo sinunui sarafu isiyo na karatasi zinazoonyesha ilipitia kwa nani, na jambo hilo linanilinda pia nisinunue kitu kilichochimbwa kwa wizi.

Plautilla bado namtafuta. Aliozwa kwa Caracalla mwaka 202; mwaka 205 baba yake, Plautianus, akauawa, naye akapelekwa uhamishoni kisiwani Lipari, na baada ya Severus kufariki akauawa yeye pia. Sarafu zake ni za kipindi hicho kifupi cha ndoa. Ninayoitaka ni ile ambayo upande wa nyuma mume na mke wamesimama wakishikana mikono ya kulia, na maneno yanayowazunguka ni PROPAGO IMPERI, yaani uzao wa kuendeleza dola.