Meza ya dirishani

Nimelala nayo tangu Jumanne, nimeamka nayo, na leo Jumapili bado ipo. Maneno manne tu: "Kumbe dada ulikuwa unaitaka?"

Mnaijua ile meza. Nimeilalamikia humu mpaka mkanichoka: jua la saa tisa linapiga kwenye kompyuta huoni hata tarakimu, nikaomba mwenyewe nihamishiwe nyuma karibu na kabati la mafaili. Miezi minane imekaa bila mtu, tukaifanya jalala la maboksi na miavuli. Bosi aliniuliza mara mbili kama nitarudi. Mara mbili nikakataa.

Jumatatu kijana mpya akaondoa maboksi, akapangusa vumbi, akaketi. Jumanne napita na faili mkononi, namkuta kaegemea kiti anatazama nje, mwanga umemwangukia begani, katulia kama mwenye nyumba. Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani, ila ulitosha yeye kugeuka na kuniuliza.

"Nani, mimi? Wala!"

Hiyo "wala" ndiyo inayonimaliza. Ningesema "ndiyo" tungecheka, yakaisha. Niliitoa kwa sauti nyembamba ya mtu aliyefumaniwa jikoni usiku. Na ile "kumbe" yake, ya mshangao au ya kejeli? Nimeijaribu kwa lafudhi zote, mpaka Baba watoto akauliza naongea na nani bafuni. Dada kajifungua salama Jumatano, wa kiume, Alhamisi tukafunga mahesabu ya robo mwaka, na mimi katikati ya yote hayo nipo na "kumbe" yangu.

Usingizi ulipogoma nikaanza kusoma. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Jack Brehm aliandika kwamba mtu akinyang'anywa uhuru fulani, kile alichozuiwa humpandia thamani. Nikajitetea: nani kaninyang'anya? Nilikataa mwenyewe! Lakini nilikuwa nakataa huku nikijua naweza kurudi siku yoyote, na huko kujua ndiko alikoondoka nako kijana pamoja na yale maboksi. Halafu kuna jaribio la biskuti la mwaka 1975, la Stephen Worchel na wenzake. Biskuti zilezile, wengine wakaletewa mkebe wenye kumi, wengine wenye mbili. Za mkebe wa mbili zilitamaniwa zaidi. Na waliozitamani kuliko wote ni wale walioona kumi zikipungua kuwa mbili kwa sababu watu wengine wamezichukua. Ila ladha, hawakusema ni tamu zaidi.

Hapo nilicheka peke yangu gizani. Miezi minane maboksi yameikalia meza yangu, sikuyaonea wivu hata siku moja.

Ijumaa nikaenda kazini mwepesi kabisa, nimepona. Saa tisa kasoro kijana akaja mezani kwangu, kakunja uso kwa jua, jicho moja limelia machozi. "Dada, samahani. Kama unaipenda ile meza, tubadilishane tu. Mimi kule macho yananiuma."

Basi nilichokuwa nakitaka wiki nzima kimeletwa mpaka kwenye kiti changu, na nikahisi hamu yote ikinitoka kama upepo kwenye puto. Nikamwambia asante, nimeshazoea huku. Mara ya tatu hiyo nakataa. Akaenda kumwuliza yule mama wa masijala, ambaye alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sasa yule mama anahamia kesho. Na mimi, jamani, nimeshaanza kuukumbuka ule mti wa nje, ambao unaonekana vizuri ukiwa umekaa pale tu.

Jambo jingine. Mama kapiga simu asubuhi hii kuuliza mtoto wa dada kaitwa nani. Nilimwambia jana. Na juzi pia nilimwambia.