Imran alikuwa na bawasiri

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Ijumaa tatu hamkuniona msikitini, na waliouliza waliambiwa nimesafiri. Sikusafiri. Nilikuwa chumbani kwangu nimelala ubavu, nimetoka kukatwa bawasiri. Uongo ule wa safari nilimtuma mdogo wangu mimi mwenyewe, na Mwenyezi Mungu anisamehe, maana nimemtia na yeye dhambini kwa jambo ambalo sahaba wa Mtume (S.A.W.) hakulificha.

Sahaba huyo ni Imran bin Huswayn. Katika Sahihi Bukhari anasimulia kwa kinywa chake kwamba alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, naye akamjibu asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Hadithi hii tumeisoma chuoni sote. Kila bibi anayesali juu ya kiti na kila mgonjwa anayeashiria rukuu akiwa kitandani ameiegemea, ajue asijue. Ila sisi tulipofundishwa, ustadhi alisema tu, "Imran alikuwa mgonjwa," akapita. Mgonjwa wa nini? Hatukuuliza, na naona hata yeye hakutaka tuulize, maana angeutaja ugonjwa wenyewe tungecheka darasa zima.

Imran alisilimu mwaka wa vita vya Khaybar. Umar bin Khattab alimpeleka Basra awafundishe watu dini, akakaa huko hadi kufa kwake, mwaka 52 Hijria. Sasa mfikirieni: mtu mzima, mwalimu wa mji, anawaambia wanafunzi wake ugonjwa ule kwa jina lake. Angeona haya akasema "niliumwa kidogo", hukumu ingetufikia, lakini mimi na wenzangu wa siri tungedhani dini haina habari na sisi.

Mimi nilinyamaza miaka sita. Damu nikiiona chooni nasema ni pilipili. Kinyama kikitoka nakirudisha kwa kidole, natawadha upya, naenda kusali nikiwa na wasiwasi wa kanzu. Nilipokwenda kwa daktari hakukimbilia kisu. Alinipima kwanza, kwa sababu damu ya chooni si bawasiri kila mara. Saratani ya utumbo mpana nayo huweza kuanza hivyo. Nilijisikia mjinga kwa ile miaka ya pilipili.

Baada ya kukatwa, wiki ya kwanza ni nzito, sitawadanganya. Kidonda chenyewe kinavumilika ukikiacha. Kinachotisha ni haja kubwa ya kwanza. Niliiogopa siku mbili, nikajizuia, na kujizuia ndiko kunakofanya choo kiwe kigumu. Dawa ya kulainisha choo, maji mengi, papai, mchicha, ugali wa dona badala ya wali mweupe, na beseni la maji ya uvuguvugu la kukalia robo saa kila nikitoka chooni: hivyo ndivyo nilivyopita. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipasha maji, na hakucheka hata mara moja.

Swala ndiyo iliyonishangaza. Mpangilio wa Imran ni kusimama, kukaa, kulala. Kwangu kukaa ndiko kulikokuwa kugumu kupita vyote. Nilimpigia ustadhi mmoja, akaniambia kuna wanazuoni wa Kishafii waliolisema hilo zamani: anayeweza kusimama na hawezi kukaa, asali kwa kusimama na aashirie, kwani kusimama ni kukaa na zaidi. Na kwa kuwa damu na majimaji vilikuwa vinatoka bado, nikawa natawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, nimeweka kitambaa safi. Nilisoma tahiyatu, ambayo husomwa kwa kukaa, nimesimama wima nimeelekea kibla, machozi yananitoka, sijui ni ya maumivu au ya nini.

Liko jambo moja la Imran lililonisumbua. Sahihi Muslim imepokea kwamba alikuwa akisalimiwa, na Imam Nawawi akafafanua kuwa ni malaika waliokuwa wakimsalimia kwa subira yake juu ya bawasiri. Alipojitibu kwa kuchomwa moto salamu zikakatika. Alipoacha kuchomwa, zikarudi. Je, mimi niliyekatwa nimepoteza? Nimelala nalo swali hili usiku kadhaa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kuchoma moto kuna makatazo yake mahususi. Ila nakiri kwamba daraja ya Imran si yangu, na subira yangu ya miaka sita haikuwa subira. Ilikuwa haya.

Leo ni wiki ya tano. Ninakaa. Ile dua ya kutoka chooni tuliyokaririshwa utotoni, ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuondoshea udhia na kutupa afya (wajuzi wa hadithi wanasema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu, basi tosheka na "Ghufranaka" ukitaka), nilikuwa naitamka huku navaa viatu. Siku hizi nasimama mlangoni kwanza.

Juzi nilisali Laasiri msikiti wa mbali na mtaa wetu. Mzee mmoja wa kwenye kiti aliniona nakwenda polepole, akanitania kama nimezeeka kabla yake. Nikamwambia ukweli, kwa jina lake. Akashika tasbihi yake bila kuhesabu, kitambo. Hapo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na tahiyatu ya mwisho, unaikalia?"

Nikamwambia naikalia, baba.

"Hebu nieleze vizuri hayo maji ya beseni," akasema, akanisogezea kiti cha pembeni yake.