Odisheni ya Jumamosi

Leo Alhamisi usiku, odisheni ni Jumamosi saa tatu asubuhi kule Tudor na hii karatasi moja ya skripti bado hainikai. Kwa kichwa nimeishika yote, shida ni vile inatoka mdomoni. Mimi ni mke wa mvuvi, namkataza mume wangu asitoke, ni Julai, bahari ya kusi imechafuka, na wametuambia wazi wanataka Kimvita, kile Kiswahili cha watu wa Mombasa, si Kiswahili cha taarifa ya habari.

Sasa hicho Kimvita mimi nilikiacha darasa la nne, kila nikisema mato badala ya macho, kitwa badala ya kichwa, mwalimu ananikata, mpaka nikaona haya nikaanza kuongea kama kitabu, na ndo hivyo miaka ishirini. Juzi nikawa najirekodi, simu nimeiegemeza kwa kopo la sukari, nasema "ndoo", yaani njoo, lakini kama naazima neno la mtu, halafu nalia, napiga magoti, nashika kichwa.

Nyanya alikuwa nyuma yangu amekalia mbuzi anakuna nazi. Na marehemu babu alikuwa mvuvi hapa hapa Likoni! Siku zote hizo sikuwahi kufikiria kumuuliza, nashinda YouTube tu.

"Huyo mumeo ashakufa?"

"La nyanya, bado hajatoka."

"Sasa walia nini?"

Nikamsomea maneno, akayasema yeye, huku anakuna, uso hakuinua. "Ndoo ukae. Bahari ya leo si ya kwenda mtu." Chini chini, kama anaongea na ile nazi, na alipofika kwa "mtu" mkono ukasimama, kifuu amekishika tu, kisha akaendelea kukuna. Nywele zilinisimama wallahi. Sikumuuliza alikuwa anamkumbuka nani.

Tangu hapo silii tena. Nachagua mtele kwa uteo, yaani ungo, nikisema hayo maneno, sauti inashuka yenyewe, na yale ma-t niliyochapwa nayo darasani yanarudi moja moja bila kuyalazimisha, nikikosea najua maana vidole vinasimama pasipo mahali pake.

Uteo nitabeba, nishautia kwa mfuko pale mlangoni. Nyanya kauliza napanda feri ya saa ngapi, anataka anisindikize mpaka ferini.