Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Amplifaya za Hedifoni za Umemetuli

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu huanza kwa barua kabla ya bisibisi. Ya kwanza leo ilitoka kwa msikilizaji mwenye hedifoni za SR-009 za kampuni ya Stax ya Japani, anayetafuta amplifaya "yenye wati za kutosha". Nilimjibu kwa kirefu, kwa sababu hesabu ya wati, ambayo ina uzito mkubwa kwa mwenye spika, haimsaidii mwenye hedifoni za umemetuli. Ndani ya hedifoni hizi hamna koili wala sumaku. Kuna utando mwembamba mno wa plastiki, uliopakwa dawa ya kuushikisha chaji na kutandazwa katikati ya bamba mbili zenye matundu. Utando huo huwekewa volti 580 za kudumu, na muziki hupelekwa kwenye bamba kwa volteji zinazopingana, moja ikipanda nyingine ikishuka, hivyo utando husukumwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili kwa wakati uleule. Amplifaya haioni chochote hapo isipokuwa kapasita, yaani kihifadhi chaji, ndogo ya takriban pikofaradi 110. Kapasita haili wati: hudai volteji, na kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyodai mkondo pia.

Nilimwandikia hesabu yenyewe. SR-009 hutoa desibeli 101 zinapopewa volti 100 katika hezi 1,000, na kila volteji inapoongezwa maradufu hupatikana desibeli 6 zaidi. Katika hezi 1,000 ukinzani wa hedifoni ni zaidi ya megaomu 1, kwa hiyo karibu amplifaya yoyote inaumudu. Katika hezi 20,000 unashuka hadi kilo-omu 72, na kupeleka volti 300 huko kunahitaji mkondo unaokaribia miliamperi 6 kwenye kilele. Hapo ndipo amplifaya ndogo zinapoishiwa pumzi. Nilimpa njia tatu. Kama tayari ana amplifaya nzuri ya spika, atafute boksi la transfoma kama SRD-7 Pro, linaloiwezesha kuendesha hedifoni hizi. Kama anataka kununua mara moja tu, Blue Hawaii iliyobuniwa na Kevin Gilmore, yenye vali (taa za kioo za kukuza umeme) aina ya EL34, ina volteji na mkondo wa kutosha kwa hedifoni yoyote ya aina hii ninayoijua. Na kama bajeti yake ni ya wastani, anunue SRM-T1, amplifaya ya zamani ya Stax yenye vali, iliyotumika, kisha irekebishwe. Binafsi njia ya tatu ndiyo niipendayo, na mezani kwangu leo ipo moja.

Saa 4:00 asubuhi

Kabla ya kugusa bodi yoyote huchomoa plagi, husubiri, kisha huzitoa chaji kapasita za usambazaji umeme kwa rizista, kipande cha kuzuia mkondo, ya kilo-omu 10 yenye mwili mkubwa, iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi ya kuhimili volti 1,000. Kapasita ya mikrofaradi 220 yenye volti 400 imebeba zaidi ya jouli 17, na chaji hiyo haiondoki kwa sababu tu taa ya mbele imezimika. Baada ya kuzitoa chaji hupima, na baada ya dakika kadhaa hupima tena, maana kapasita nyingine hurudisha volti kidogo zikiachwa. Mkono mmoja hukaa mbali na kasha muda wote. Asiyeweza kuvumilia utaratibu huu asifungue amplifaya za namna hii.

Saa 5:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja. Katika SRM-T1 kila vali ya kutolea sauti, 6FQ7, ambayo huuzwa pia kwa jina la 6CG7, hulishwa kupitia rizista. Rizista hiyo ina dhambi mbili. Kwanza, vali inalazimika kuiendesha pamoja na hedifoni, kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo wake hupotea kama joto badala ya kufika kwenye bamba. Pili, volteji ya kutolea inapopanda, rizista huwa ndiyo inayojaza chaji kwenye hedifoni. Lakini kadiri volteji inavyokaribia ile ya chanzo, ndivyo tofauti ya volti kwenye ncha za rizista inavyopungua, na mkondo wake unapungua katika sekunde ileile unapohitajika zaidi. Masikio husikia matokeo kama matoazi yaliyofifia na sauti za juu zinazokwaruza pale muziki unapokuwa mkubwa.

Marekebisho ni kuondoa rizista hizo na kuweka vyanzo vya mkondo usiobadilika. Mimi hutumia 10M90S, vipande vidogo vya semikondakta vya kudhibiti mkondo, ambavyo huvumilia hadi volti 900, nikivipanga viwiliviwili, cha juu kikikilinda cha chini dhidi ya mtikisiko wa volteji. Kisha mkondo hubaki uleule volteji ikipanda au ikishuka, na karibu wote huenda kwenye hedifoni. Joto ndilo la kuangaliwa: miliamperi 6 zikipita penye volti 300 ni wati 1.8, na njia za kutolea sauti ni nne. Kwa hiyo kila kipande nilikifunga kwenye bati la kupozea, nikaweka katikati karatasi ya mika, madini yasiyopitisha umeme, na kabla ya kulehemu mguu wowote nilipima kwa multimita kuhakikisha hakuna mgongo wa chuma wa kipande unaogusana na bati. Mika yenye ufa mdogo hupita kipimo cha baridi na kushindwa ikipata joto, ndiyo maana kila moja huiangalia kwanza dhidi ya mwanga.

Mwenye amplifaya aliomba pia nibadilishe kapasita zote ziwe za bei ghali. Nilibadilisha zile za usambazaji umeme peke yake, kwa kuwa zimezeeka.

Saa 8:30 mchana

Mteja mwingine alileta amplifaya akiamini volti 580 zimeshuka hadi 395. Haikuwa na kosa lolote. Volteji hiyo hupitia rizista ya megaomu 4.7, inayolinda mtu na kuzuia chaji ya utando isibadilike haraka, na multimita yake yenyewe ina ukinzani wa megaomu 10. Vitu hivyo viwili vinagawana volteji, na 580 mara 10 gawanya kwa 14.7 ni karibu 395. Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi, akaondoka nayo pamoja na amplifaya yake.

Saa 10:00 alasiri

SRM-T1 ilikuwa imewaka zaidi ya saa moja, bila hedifoni. Volti za vali huhamahama mwanzoni, kwa hiyo kurekebisha mapema ni kupoteza muda. Kwa bisibisi ya plastiki nilisawazisha kwanza tofauti ya volti kati ya njia mbili za kutolea sauti za kila upande, halafu tofauti kati yake na ardhi (sifuri ya umeme), nikarudia kwa zamu kwa sababu kimoja hukivuta kingine, mpaka namba zikatulia ndani ya volti chache.

Saa 12:00 jioni

Badala ya hedifoni niliunganisha kapasita za volti 2,000 zenye pikofaradi 110, nikapeleka wimbi la hezi 20,000 na kulitazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, kwa probu inayopunguza volteji mara mia. Asubuhi, kabla ya marekebisho, wimbi hilo lilikuwa limegeuka pembetatu. Sasa lilibaki na mapindo yake laini hadi volteji ya chanzo ilipolikata. Ndipo nikachomeka hedifoni. Nilisikiliza kwaya ya wanawake, kisha rekodi yenye matoazi mengi, sauti ikiwa imelinganishwa kwa volteji na amplifaya yangu ya kawaida, maana iliyo kubwa zaidi hata kidogo hupendelewa na sikio bila haki. Matoazi yalikuwa na mwanzo wake na mkia wake, hata kwaya ilipofika kileleni.

Mwisho nilibandika ndani ya kifuniko karatasi yenye mkondo wa kila chanzo, volti za kila kituo cha kupimia na aina ya vali, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue palipobadilishwa.