Redio za upepo kwa familia na safari: usinunue kilomita za kwenye boksi

Boksi la redio ndogo za mkononi mara nyingi huandikwa maili 35, sawa na kilomita 56. Mnunuzi huanza kusoma hapo, na hapo ndipo anapopotea. Redio za upepo, au redio koli kama wengi wanavyoziita, zinafaa sana kwa familia inayosafiri na magari mawili, kwa wanaopanda mlima, kwa wazazi walio ufukweni na watoto wanaozurura, na kwa shamba kubwa lisilo na mtandao wa simu. Lakini zinafaa kwa umbali wake halisi, na umbali huo hauko kwenye boksi.

Mawimbi ya redio hizi, yaliyo kwenye masafa (frikwensi, si umbali) ya 400 MHz na kitu, husafiri takribani kwa mstari ulionyooka kama mwanga. Watu wawili waliosimama kwenye uwanda tambarare, kila mmoja ameshika redio kwenye kimo cha mita moja na nusu, wanatenganishwa na mviringo wa dunia wenyewe wakiwa mbali kama kilomita 9. Hapo bado hatujahesabu mti, nyumba wala gari. Ili kilomita 56 zitimie, mmoja wao lazima awe juu ya kilima cha mita 210 hivi, na kusiwe na kitu chochote katikati. Kipimo cha boksi hupatikana katika hali kama hiyo.

Katika matumizi ya kawaida tegemea haya: mjini kwenye majengo ya zege, mita mia kadhaa hadi kilomita moja, barabara iliyo wazi, gari kwa gari, kilomita moja hadi mbili, kutoka kilimani kwenda bondeni mnakoonana, kilomita kadhaa bila shida. Kwenye kona za mlima Kitonga kule Iringa, au unaposhuka Bonde la Ufa la Kenya kupitia Mai Mahiu, gari la mbele likizunguka mwamba sauti inakatika hata kama liko mita 400 tu. Redio haijaharibika. Mlima umesimama katikati.

Wati nazo hazisaidii kama watu wanavyodhani. Ukitoka nusu wati kwenda wati 2 umeongeza nguvu mara nne, na mahali palipo wazi kabisa hilo huweza kuongeza umbali hadi mara mbili. Porini na mjini nyongeza ni ndogo zaidi. Kuinua redio juu ya kichwa, kutoka nje ya gari, au kuhama hatua kumi kuacha ukuta mara nyingi huleta faida kubwa kuliko wati hizo. Antena isimame wima kwa pande zote mbili. Redio iliyolala kiunoni au ndani ya begi hupoteza nguvu nyingi, kwa sababu mwili wa mtu unameza mawimbi.

Sasa jambo linalowaumiza wengi: redio inatoka nchi gani? Ndugu aliye Marekani akituma jozi ya zawadi, karibu hakika ni za mfumo wa FRS. Zina chaneli 22 kwenye masafa ya 462 na 467 MHz, na huko hazihitaji leseni. Aliye Ulaya atatuma za PMR446, zilizo kati ya 446.0 na 446.2 MHz, nguvu yake nusu wati, antena yake haitoki. Aina hizi mbili hazisikilizani kabisa, hata zote zikiwekwa chaneli 1, kwa sababu chaneli 1 ya Marekani ni 462.5625 MHz na ya Ulaya ni 446.00625 MHz. Redio za FRS pia haziruhusiwi kutumika Ulaya, wala za PMR446 Marekani. Kwa hiyo ndugu wawili wakikutumia redio mojamoja kutoka mabara mawili, una redio mbili zisizozungumza.

Kwa Afrika Mashariki usidhani kwamba kinachoruhusiwa Ulaya kinaruhusiwa hapa. Kila nchi ina mamlaka yake ya kusimamia mawasiliano: Tanzania masafa yako chini ya TCRA, Kenya chini ya Communications Authority, Uganda chini ya UCC, Rwanda chini ya RURA. Kabla ya kuagiza, waandikie ukitaja modeli, masafa na wati, uulize kama kifaa kimeidhinishwa na kama masafa hayo yanahitaji leseni. Barua pepe moja ni rahisi kuliko kuacha redio zako forodhani. Ukivuka mpaka uliza tena, maana ruhusa ya nchi moja haivuki nawe.

Kwenye maduka ya mjini utakayoikuta sana ni Baofeng BF-888S: nyeusi, haina skrini, ina chaneli 16 za kuzungusha juu na tochi ndogo. Ni ya bei ya chini kweli na betri yake hudumu siku nzima kwa matumizi ya kawaida. Tatizo lake ni masafa iliyotoka nayo kiwandani. Walinzi, mahoteli na mafundi wa ujenzi wengi wanatumia redio hiyohiyo, kwa hiyo mtawasikia nao watawasikia, na baadhi ya masafa hayo huenda yana mwenyewe aliyeyalipia. Inaweza kupangwa upya kwa kompyuta, waya wa pini mbili na programu ya bure ya CHIRP, ikawekwa masafa unayoruhusiwa. Kwa nchi za PMR446, hata ikipangwa masafa hayo haihesabiki kuwa ya PMR446, kwa kuwa nguvu yake inazidi na antena yake inafunguka.

UV-5R, ndugu yake mwenye vitufe vya namba, simpendekezei mtu kwa matumizi ya familia. Ni kifaa kizuri mikononi mwa mwenye leseni ya redio za ridhaa (amateur). Lakini mtoto akibonyeza kitufe cha VFO/MR, kinachoruhusu kuandika masafa yoyote, na namba kadhaa, tayari anaweza kurusha sauti kwenye masafa ya vyombo vya baharini au ya huduma nyingine. Kama imeshanunuliwa, shikilia kitufe cha # kwa sekunde mbili vitufe vijifunge.

Kuna mtego mwingine unaokua: redio zinazotangazwa kuwa zinafika kilomita 5,000. Hizo zina laini ya simu ndani. Zinapitisha sauti kwa intaneti ya simu, na pale minara inapoisha nazo zinanyamaza. Kwa kampuni ya magari mjini zinafaa. Kwa familia inayoingia hifadhini ambako simu zimekata, hazina msaada.

Mfumo ukishaamuliwa, angalia betri kabla ya rangi na muundo. Ninachopenda ni redio inayotumia AA au AAA, au inayochajiwa kwa USB. Betri za AA unazipata hata duka la kijijini, na USB unachaji kwenye gari au pawabenki. Chaja za zamani za kukalisha redio ndizo za kuogopa, hasa zilizotoka Marekani. Geuza adapta usome maandishi madogo ya INPUT. Ukiona 100-240V, chomeka kwa adapta ya plagi tu. Ukiona 120V peke yake, usithubutu kuichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240. Itaungua mara moja na inaweza kuondoka na betri. Pia usichaji betri za kawaida za alkalini ndani ya redio, hata kama zinaingia vizuri. Zinavuja, zinakula sahani za shaba ndani, na redio haiwaki tena.

Kwa maji, angalia alama ya IP, kipimo cha kuzuia vumbi na maji: IP54 inastahimili vumbi na matone ya mvua. IP67 inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30. Zote zinategemea kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kifungwe. Kikichanika, maandishi ya IP hayana maana tena.

Msilipie zaidi kwa sababu ya kinachoitwa “faragha” na misimbo 38 au 121. Msimbo ni toni ndogo, au ishara ya kidijitali, isiyosikika inayotumwa chini ya sauti yako, na redio ya mwenzako hufungua spika ikiisikia. Mwingine yeyote asiyeweka toni anasikia kila neno. Haifichi kitu, inawapunguzia tu kelele za wengine. Tena ina hatari yake: mtu mwingine anaweza kuwa anaongea kwenye chaneli hiyo na ninyi hamumsikii, mnabonyeza mnagongana, mnadhani redio mbovu. Bonyeza kitufe cha kusikiliza chaneli kabla ya kuongea. Mkichanganya kampuni tofauti, linganisheni toni kwa Hz na si kwa namba. Toni ya 1 ni 67.0 Hz karibu kila mahali, lakini orodha zenye toni ya 69.3 husogeza namba zote zinazofuata. Jaribuni kwanza bila toni kabisa.

Walio na FRS wakumbuke pia kwamba chaneli 8 hadi 14 zimefungwa kwenye nusu wati, wakati nyingine zinaruhusiwa hadi wati 2. Mkipoteza mawasiliano, hamieni 1 au 15 kabla ya kulaumu betri.

Dukani, omba redio zote zilizochajiwa. Ziweke chaneli moja bila toni, mwenzako atoke angalau mita 30, maana mkisimama karibu zitapiga mluzi na hata redio mbovu itaonekana nzima. Bonyeza, hesabu moja, ndipo uongee. Asiyesubiri hukatwa neno la kwanza. Ongea sekunde 30 mfululizo. Taa ya betri ikianza kumeta au redio ikijizima, betri imechoka. Kisha mwenzako aende nyuma ya ukuta wa zege, asikilize kama maneno yanaeleweka, si kama yanapiga kelele tu. Tikisa antena kwa upole wakati anaongea: mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni dalili ya kiungio kilicholegea. Badilishaneni redio mrudie, kwa sababu redio inaweza kusikia vizuri na isirushe.

Kwa idadi, hesabu makundi, si watu. Magari mawili yanahitaji redio mbili na ya tatu ya akiba. Kuongea bila kubonyeza, VOX, kuzimwe ndani ya gari, la sivyo honi na muziki vitarushwa hewani na kumaliza betri yako. Kabla ya kuondoka kubalianeni chaneli kuu, chaneli ya pili, na mahali pa kusimama gari la mbele likikosa jibu baada ya kuita mara tatu, kwa mfano kituo cha mafuta kinachofuata.

Safari ikiisha, toa betri za AA kabla ya kuweka redio kabatini. Zile za lithiamu ziache na chaji kama nusu, na uziongeze kila baada ya miezi michache.