Profesa wa Meza ya Dola Mbili

Jumapili moja usiku, saa sita kasoro, nilitolewa kwenye mashindano ya poka na mtu aliyefuata dau langu akiwa na tisa na nne. Kutolewa nimezoea. Kilichonikera ni kwamba baada ya kukomba chipu zangu zote, aliniandikia pembeni mwa meza: "Jifunze kucheza, samaki." Samaki, kwa lugha ya poka, ni yule anayekuja mezani kuliwa.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye baraza ambako arubastini ilichezwa kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Kusemwa kwenye karata si kitu kigeni kwangu. Pale ukitoa turufu kwa pupa utasemwa hata na anayepita na baiskeli. Lakini waliokuwa wakinisema walikuwa wanajua. Mzee akikuambia umejimaliza mwenyewe, anaweza kukutajia karata zote zilizokwisha kupita na nani alizitupa. Huyu wa mtandaoni hajui kitu, nilijiambia, na bado anataka kunisomesha. Nikampa jina la Profesa.

Siku hizi naishi Coventry, Uingereza, nafanya kazi ghalani. Jumapili usiku, watoto wakishalala, hucheza Texas hold'em mtandaoni, poka ambayo kila mtu hupewa karata mbili za siri na tano za wote hufunguliwa mezani, mashindano ya dola 2 na senti 20: dola 2 zinakwenda kwenye zawadi, senti 20 ni za wanaoendesha mchezo. Mama akijua ataniombea dua. Kwake kamari ni kamari hata ikiwa ya senti, na sibishani naye. Nimejiwekea kikomo cha pauni 20 kwa mwezi kwenye akaunti yenyewe. Kikifika, hata nikilia hawanifungulii.

Meza za bei hiyo ndizo makazi ya kina Profesa. Mtu aliyelipa dola 2 hana cha kuogopa, na kila mmoja ameshasikia habari za Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee ambaye mwaka 2003 alipita kwenye mchujo wa bei ndogo mtandaoni, akaenda Las Vegas, akawashinda watu zaidi ya 800 kwenye shindano kuu la dunia na kuondoka na dola milioni 2.5. Basi kila mwenye simu anaona zamu yake iko njiani, na anayemzuia ni wewe uliyekaa kulia kwake.

Mkono wenyewe ulikuwa hivi. Blaindi, yaani dau za lazima ambazo wachezaji wawili hutoa kabla ya kuona karata, zilikuwa 50 na 100, mimi nina chipu 4,000. Nikapewa ree mbili, ya kopa na ya pau. Ree mbili huja kwa wastani mara moja katika mikono 221, kwa hiyo zikija moyo lazima uruke. Nikaongeza hadi 300. Wote wakatupa isipokuwa Profesa aliyekuwa kwenye blaindi kubwa. Zikafunguliwa tatu za mwanzo: kingi ya uru, tisa ya shupaza, mbili ya uru. Nikaweka 400, akafuata. Ya nne, saba ya pau. Nikaweka 900, akafuata, tena haraka, bila hata kutumia sekunde zake. Ya tano, ile wanayoiita riva, ikawa nne ya pau. Akasukuma zote. Nilikuwa nimebakiwa na 2,400. Nikafuata huku nikijua. Tisa na nne za uru, jozi mbili.

Na hapo ndipo aliponiita samaki.

Nilimjibu. Nilimwandikia aya nzima, kwamba tisa na nne ni magarasa, kwamba mtu mwenye akili anayatupa, kwamba bahati ya leo ataitapika kesho. Akanijibu kwa neno moja na vikatuni vitatu vya kucheka: "Za uru!" Yaani kwake, karata mbili zikishafanana aina, mjadala umekwisha.

Mashindano yale yalikuwa yanaruhusu kuingia tena. Nikalipa tena papo hapo, na kwa bahati mbaya wakanirudisha meza ileile. Sikucheza poka tena usiku ule; nilikuwa namwinda mtu. Akiingia yeye, nami naingia. Nikampiga mkwara wa chipu zote nikiwa na jeki na nane, nikiamini atatupa. Akafuata na kingi na tatu, akashinda bila hata kupata jozi. Nikaingia mara ya tatu. Usiku ule ulinigharimu dola 6 na senti 60, na saa nane nilikuwa kitandani macho kodo, naendelea kumjibu kichwani kwa Kiingereza kizuri kuliko kile nilichomwandikia.

Mkwara humpata anayesoma karata zako. Asiyesoma hauoni. Hilo lilinichukua wiki kadhaa kulielewa, na ni aibu, kwa sababu barazani kila mtoto analijua: huwezi kumtishia mtu asiyehesabu.

Nilianza kubadilika siku ya Jumanne, kwenye mapumziko ya chakula cha mchana kazini. Programu ile huhifadhi kila mkono uliocheza, kwa hiyo nikaufungua ule wa ree mbili ili nijihakikishie jinsi nilivyodhulumiwa. Nikahesabu kwenye karatasi ya mkate. Baada ya zile karata tatu za mwanzo, Profesa alikuwa na jozi ya tisa, na pia karata nne za uru, akipata ya tano ananishinda. Karata 9 za uru zilikuwa bado hazijaonekana, 2 za tisa, 3 za nne: karata 14 za kumwokoa, na mbili bado zinakuja. Hiyo ni karibu nusu kwa nusu dhidi ya ree zangu. Mimi siku zote mbili nilikuwa nikisimulia kwamba alikuwa na nafasi finyu kama tundu la sindano!

Ikabaki karata moja. Karata 14 kati ya 44 ni kama 32 kwa 100. Na mimi nilimwekea 900 juu ya chipu 1,450 zilizokuwa zimeshawekwa mezani, maana yake alitakiwa kulipa 900 apate 2,350. Kwa bei hiyo alihitaji kushinda mara 28 tu katika 100. Kwa hiyo kufuata kwake kulikuwa sahihi. Sidhani kama alihesabu. Nina hakika hakuhesabu. Lakini bei ile niliiweka mimi. Ningeweka 1,500 angefuata vilevile, ila angefuata kwa hasara. Na hata ile tisa na nne yake ya mwanzo, alikuwa ameshatoa 100 ya blaindi, alibakiza kuongeza 200. Si uchezaji wa kujivunia, lakini si wazimu niliouita wazimu.

Nilikaa na ile karatasi ya mkate mpaka kengele ya kurudi kazini.

Kuna jingine ambalo sikutaka kulikumbuka. Miezi kadhaa kabla ya hapo, mimi ndiye niliyekuwa Profesa. Kulikuwa na mchezaji mmoja ambaye alikuwa akifuata kila dau na kila garasa, tumbo la meza nzima linashiba kwake. Akanishinda mkono mmoja mkubwa kwa bahati, nikamsomesha: usifuate na hiki, tupa kile, ukiwa wa kwanza kucheza fanya vile. Akaniandikia "asante." Kweli akaanza kutupa. Mezani wenzangu wakanyamaza, na ninaamini walinilaani kimoyomoyo, kwa sababu nilikuwa nimefunga duka letu sote. Hata mabingwa wana ugonjwa huo. Phil Hellmuth alishinda taji kuu mwaka 1989 akiwa na miaka 24, ana bangili za ubingwa nyingi kuliko mtu yeyote, na bado anajulikana kwa kuwagombeza hadharani watu waliomshinda kwa karata mbovu. Yeye angalau watu hulipa kumtazama akigomba.

Kwa hiyo nilianza na mdomo wangu. Wengi hushauri uzime kabisa sehemu ya maneno, na kama una hasira za karibu wasikilize. Mimi sikuizima, niliamua nisome bila kuandika. Kina Profesa husema sana, na wakisema wanajifichua. Yule aliyeniambia "za uru!" alinifundisha kwamba hatupi karata za aina moja, wakati kufanana aina kunaongeza nafasi ya kushinda kwa kama 3 tu katika 100. Mwingine alimgombeza mtu: "Unatupaje ree?" Nikajua ree yake haitupwi hata ikiwa na mbili pembeni. Programu ina mahali pa kuandika kumbukumbu kuhusu mchezaji, nikawa naandika humo, kwa Kiswahili: *hatupi za aina moja. Haogopi mkwara. Akiongeza riva anazo.* Ile hamu ya kujibu ilipata pa kwenda.

Halafu nikaacha ufundi mbele yao. Nilikuwa na mbinu nilizojifunza kwenye video, za kujificha, kupita bila kuweka dau ukiwa na karata kali ili umvute mtu. Kwa watu hawa ni kujisumbua. Ukiwa nazo weka nyingi, tena zaidi ya unavyodhani ni adabu. Ukiwa huna, tupa. Zamani nilikuwa naongeza kidogo nikiwa na ree mbili nisiwafukuze, matokeo yake wanafuata watano. Ree mbili zikikutana na mtu mmoja yeyote hushinda kama mara 85 katika 100. Zikikutana na watano zinashuka chini ya nusu, halafu unalia na riva.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni mikono inayofuata baada ya kuumizwa. Kwenye rekodi zangu niliona wazi: chipu nilizopokonywa kwa bahati zilikuwa chache kuliko nilizozigawa mwenyewe katika dakika kumi zilizofuata. Nikajiwekea sheria. Nikipigwa mkono mkubwa, mzunguko mzima unaofuata natupa kila kitu isipokuwa jozi kuanzia kumi kwenda juu, au ree na kingi. Inanigharimu, blaindi hazimsubiri mwenye majonzi, lakini gharama yake naijua. Na siingii tena usiku uleule. Ukitolewa, umetolewa.

Mjomba wangu, kule Ngamiani, akisemwa kwa mchezo wake alikuwa na jibu moja tu. Watu wapige kelele, wamwite mzee wa bahati, yeye husukuma karata mbele ya anayepiga kelele na kusema, "Haya, changa." Nimeliandika neno hilo kwenye kipande cha plasta juu ya kioo cha kompyuta. Mke wangu aliuliza ni changa la nini, la macho? Karibu na ukweli.

Mwezi Machi nikakutana tena na Profesa yuleyule. Blaindi zilishafika 1,000 na 2,000, tumebaki mia na kitu kati ya watu zaidi ya 1,000. Nikapata kumi mbili, nikaongeza, akafuata. Mezani jeki, sita, tatu. Nikaweka kiasi, akafuata. Ya nne haikuwa na kitu, tukapita wote. Riva, mbili, nikajaribu dau dogo, akaongeza mara nne yake. Nikafungua kumbukumbu: *akiongeza riva anazo.* Nikatupa. Akaonyesha jeki na mbili za shupaza, kisha akaandika: "Mwoga. Unacheza kama bibi yangu."

Nilishaandika nusu ya sentensi. Nikaifuta herufi moja moja, nikanywa chai iliyokuwa imepoa.

Mikono ishirini baadaye nikapata kingi mbili, nikaweka zote, akafuata na ree na tano. Kingi mbili pale hushinda kama mara 7 katika 10, na safari hii zikashinda. "Bahati," akaandika. Nikaongeza kwenye kumbukumbu yake: *ree na tano, chipu 30,000.*

Nilimaliza wa 41, nikapata dola 8 kasoro. Kabla ya kulala nikachungulia meza ya mwisho kabla ya fainali. Profesa alikuwa bado yupo, anamsomesha mtu mwingine. Alitoka wa 12.