Chapwani, kwa bei ya Mjerumani

Nauli ya boti ya kutoka Dar imepanda tena, na kiti nilichopata kilikuwa ubavuni mwa mlango wa choo. Hayo yaishe. Unguja nilikwenda kwa shughuli za watu, nikazimaliza, nikabaki na asubuhi moja na hamu ya kufika Chapwani, kisiwa kile kidogo mbele ya Mji Mkongwe walikozikwa mabaharia wa Kiingereza.

Papasi wa kwanza, dalali wa watalii, akanitajia bei kwa dola. Mimi, mtu wa Nyamisati! Nikampita, nikamkuta mzee anafua maji kwenye mashua yake. Shikamoo, marahaba, tukapatana bei ya kwenda na kurudi. Tulipokuwa katikati ya maji akaniuliza kwetu wapi.

"Rufiji, mzee. Kule deltani."

Akapunguza mashine. "Alaa! Kumbe nyinyi ndio mlomficha Mjerumani!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyoosha mkono kuelekea bandarini, akaanza kunihadithia kana kwamba mizinga imelia juzi. Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea baharini ikaikuta HMS Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa. Waingereza walijibu, lakini makombora yao yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Ya Mjerumani yalifika. Haikutimia hata saa moja, Pegasus ikawa haina kazi tena, na siku hiyohiyo ikazama.

"Kisha akakimbilia kwenu," mzee akamalizia, "mkampa mikoko ajifiche."

Kumpa! Nani aliyetuomba?

Kisiwani nilitembea kati ya makaburi, popo wakigombana juu ya miti. Wamo wa Pegasus, wamo na waliotangulia, wa zile doria za kukamata majahazi ya watumwa. Nikasimama kwa wale wa 1914, na nasema kweli nilijisikia mgeni wa upande wa pili. Kwetu hadithi ya Königsberg huanzia matopeni: meli kubwa imekwama mtoni, makaa hakuna, homa na mbu vinawamaliza Wajerumani, Waingereza wanaivizia mdomoni mwa mto mpaka Julai 1915 walipoimaliza. Tukihadithiana, wanaohurumiwa ni wale wa mtoni. Hawa waliopigwa hapa kungali alfajiri sikuwahi kusikia mtu akiwataja. Mizinga yote kumi ya Königsberg ilitolewa melini ikaendelea kupiga vita bara, na haikutembea yenyewe: ilikokotwa na watu wetu. Mtu ametoka Ulaya kuja kupigana na jirani yake wa Ulaya, na kamba iko begani kwa mtu wa pwani.

Niliporudi ufukweni maji yalikuwa yamekupwa, mashua imelala ubavu mchangani. Mzee amekaa kivulini anakula muhogo wa kuchoma.

"Tungoje yajae," akasema. "Na kungoja kuna bei yake."

"Mzee, tulipatana kwenda na kurudi."

"Tulipatana kabla sijajua wewe mtu wa wapi. Nyinyi mna deni na bandari hii."

Tulibishana mpaka jua likatukalia utosini. Nikamwambia mchukuzi halipi deni la bwana wake. Akasema hata aliyefungua mlango ana hesabu yake. Akanikatia muhogo, bei hakuikata. Maji yalipoinua mashua tulikuwa tumeshuka hadi nusu ya alichotaka, nikalipa huku nanung'unika.

Njiani akauliza kama mabaki ya meli bado yanaonekana. Nikamwambia tope limeyameza, lakini akifika Nyamisati nitamtafutia mtumbwi wa mjomba, nimpeleke mpaka ilipozama.

"Bei gani?"

"Ya kwenda tutapatana. Ya kurudi, tutaangalia maji."

Hapo ndipo alipocheka.